Nyumbani kwa Kaka Mkubwa

Kila mwaka, darasa la kipaimara linapofika Amri ya Tano, pale tunapojifunza kwamba katazo la kuua linagusa pia kuudhuru mwili, wa jirani na wako mwenyewe, huwa nafunga Katekisimu kwa muda na kuwauliza vijana maswali mawili. La kwanza: nani ameshaonja pombe? Vicheko huanza, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mkono mmoja ukiinuka, mingine hufuata. La pili: nani alikuonjesha? Nilipoanza huduma nilitarajia kusikia habari za marafiki wabaya na vilabu vya pembeni mwa barabara. Jibu ninalolipata mara nyingi ni la neno moja: "Kaka." Mara nyingine ni "dada". Nimewahi kusikia "mjomba" na hata "bibi", lakini kaka ndiye anayerudi kila mwaka.

Katika mahubiri yetu juu ya ulevi, huyo kaka hayumo. Tunasema na mlevi mwenyewe, au tunasema na wazazi. Hata Katekisimu Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, ina orodha nzuri ya wajibu wa kila mtu nyumbani na kanisani: waume, wake, wazazi, watoto, watumishi, mabwana, vijana, wajane. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na ndugu waliozaliwa tumbo moja hawana sehemu yao ndani yake. Luther hakuwa mgeni wa pombe, kwa hiyo tusimlaumu kwa kutoijua. Mkewe Katharina alikuwa akipika bia nyumbani kwao, na yeye mwenyewe mwaka 1539 alihubiri kwa ukali juu ya ulevi wa Wajerumani wenzake. Lakini ndugu hakuwaweka.

Biblia inawaweka. Kitabu cha Ayubu kinaanza na nyumba yenye wana saba na binti watatu. Wana hao walikuwa na desturi ya kufanya karamu kwa zamu, kila mmoja nyumbani kwake, na dada zao walialikwa kula na kunywa pamoja nao. Baba hakuwa karamuni. Yeye aliamka alfajiri akawatolea sadaka, akihofia kwamba huenda wamemkosea Mungu mioyoni mwao. Siku upepo ulipoiangusha ile nyumba, walikuwa wakila na kunywa mvinyo kwa kaka yao mkubwa. Sisemi kwamba mvinyo ndio uliowaua. Rafiki zake Ayubu walipiga hesabu za namna hiyo na Mungu akawakemea. Ninachoangalia mimi ni mpangilio wa ile familia: baba yuko kwenye maombi, watoto wako kwa kaka. Ni familia ninayoifahamu.

Mimi ni mzaliwa wa Mkula. Wasiopafahamu wajue kwamba ni upande wa Ziwa Victoria, Wilaya ya Busega, kwenye njia ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi. Wengi hupajua kwa sababu ya hospitali ya ndugu zetu wa AIC. Nilipokuwa mtoto tulihesabiwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu tukawa watu wa Simiyu, na makao makuu yetu yakawa Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, ng'ombe na pamba.

Wazee wa kwetu husimulia kwamba zamani pombe, bwalwa kwa Kisukuma, ilikuwa na wenyewe. Ilipikwa na akina mama kwa mtama au uwele, ikachukua siku kadhaa kuiva, na ilikuwa na sababu yake: arusi, kuwakumbuka waliotangulia, au kuwashukuru watu waliokuja kulima shamba la mwenzao. Ilipoiva, wazee walianza. Vijana wa kulima walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na yeye ndiye aliyejua nani amefanya kazi na nani amekuja kunusa mtungi. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Vijana walionja, na walevi walikuwapo. Lugha haiwezi kuwa na majina mengi ya mlevi bila kuwa na walevi. Lakini kijana wa miaka 14 hakuwa na mahali pa kunywea peke yake na mdogo wake. Mtungi ulikuwa mmoja, na ulikaa mbele ya macho ya watu wengi.

Wamisionari walipokuja walikuta mtungi huo. Kituo cha Nassa, karibu sana na kwetu, kilianzishwa na Waanglikana wa CMS katika karne ya 19, na mwaka 1909 kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Kwa AIM, Mkristo hanywi kabisa. Wengi wa babu zetu waliobatizwa waliuacha mtungi siku ile ile walipoacha hirizi. Katazo hilo liliokoa nyumba nyingi, nami sitalidharau. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Mzee aliyebatizwa aliondoka kwenye mtungi, naye akaenda na macho yake. Pombe haikuondoka kijijini. Iliwabakia wasiobatizwa, na watoto wa waliobatizwa waliokwenda kwa siri. Kwenye siri hiyo ndipo kaka mkubwa alipopata cheo ambacho zamani kilikuwa cha wazee: cha kuamua nani aonje, lini, na kiasi gani.

Serikali nazo zilikuwa na makatazo yao. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ilizuia pombe kali isiletwe kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara hili, na kwa miaka mingi chini ya Waingereza Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kunywa kile alichokunywa Mzungu kwenye klabu yake. Wakati huo huo viwanda vya bia vilikuwa vikijengwa. Ni ajabu kidogo kwamba bia ya chupa ya Afrika Mashariki nayo ina historia ya ndugu wawili: George na Charles Hurst walianzisha kiwanda chao Kenya mwaka 1922, na mwaka uliofuata George akauawa na tembo akiwa mawindoni. Ndiyo maana moja ya bia zao ikaitwa Tusker, na tembo yumo kwenye lebo mpaka leo. Kufikia Uhuru mwaka 1961 makatazo ya rangi yalikuwa yameondoka. Kwa mtu wa Mkula hilo halikubadilisha mengi, kwa sababu bia ya chupa ilikuwa ya mwenye fedha.

Fedha zilikuja na pamba. Baba zetu waliuza pamba mara moja kwa mwaka, na kwa wiki chache kila nyumba ilikuwa na noti. Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika zikasogezwa pamoja. Shule ikawa karibu, zahanati ikawa karibu, kilabu nacho kikawa karibu. Mtungi wa bwalwa ulikuwa wa siku maalumu. Kilabu ni cha kila siku. Nyuma ya kilabu kulikuwa na gongo, ambayo serikali iliikataza lakini mto na kichaka havikuikataza. Gongo haihitaji mtungi. Inaingia kwenye chupa ya soda, na chupa ya soda inaingia kwenye mfuko wa kaptura.

Baadaye vikaja viroba, vile vipakiti vya plastiki vyenye pombe kali, vilivyouzwa kwa bei ambayo mtoto anaweza kuipata kwa kuchota maji. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nadhani ni moja ya amri zilizopokelewa kwa furaha kubwa na akina mama wa usharika wangu. Kabla ya hapo nilishawahi kuonyeshwa na mama mmoja godoro la wanawe wawili. Chini yake vilikuwa vimepangwa viroba vitupu kama kadi. Mkubwa alikuwa kidato cha tatu, mdogo darasa la saba. Mama yule hakuniuliza kuhusu mkubwa. Aliniuliza, "Mchungaji, huyu mdogo ameanza lini?" Jibu lilikuwa kwamba ameanza siku ile ile alipohamia kulala chumba cha kaka yake.

Wenye elimu ya kuchunguza mambo haya wameliona jambo hilo hilo kwa njia yao. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya familia zilizolea watoto wasio wa damu yao. Mtu angetarajia mtoto wa kulea afanane na wazazi waliomlea. Katika unywaji hakufanana nao sana. Alifanana na mtoto mwenzake wa nyumba ile, ambaye hawakuwa na damu moja, na zaidi wakiwa jinsia moja na umri unaokaribiana. Maana yake ni kwamba tabia hii haitembei kwenye damu peke yake. Inatembea pia kwenye chumba kimoja, godoro moja, njia moja ya kwenda shule. Tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba mvuto huo ni mkali katika ujana na hulegea ndugu wanapokua na kila mmoja kwenda kwake.

Hapo kwenye kulegea ndipo ninapotaka kusimama. Ninakubali kwamba hulegea kwa wale wanaokwenda mbali. Kwetu wengine hawaendi. Ndugu wawili wanaoa, wanajenga kwenye kiwanja kimoja cha baba, wanalima mashamba yanayopakana, wanauza pamba kwa mnunuzi mmoja siku moja. Wakitoka kwenye mizani, njia ya nyumbani ni moja. Kaka mwenye miaka 40 bado ndiye anayesema, "Tupite hapa kidogo." Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro ulikuta kwamba wanaokunywa zaidi ni wanafunzi wa vyuo, wakifuatiwa na vijana wanaofanya kazi za kibarua. Sisi wa vijijini tunaweza kuongeza tulichokiona: kibarua mara nyingi hutafutiwa na kaka yake, na fedha ya kwanza hunywewa naye.

Sasa niseme langu, maana sitaki kuandika kama mtu aliyetazama haya kutoka dirishani.

Kwetu tulikuwa wavulana watatu. Mimi ni wa pili. Nilionjeshwa na kaka yetu wa kwanza, kwenye arusi ya jirani, nikiwa na miaka 13. Alinipa kata akasema nisimwambie mama. Nilijisikia mkubwa kwa wiki nzima. Miaka miwili baadaye, msimu wa pamba, nilikuwa machungani na mdogo wangu. Yeye alikuwa na miaka 11. Nilikuwa na chupa. Sikumlazimisha, niseme ukweli, ingekuwa rahisi zaidi kukumbuka kama ningekuwa nimemlazimisha. Aliomba, akaomba tena, nami nikafurahi kuombwa. Nilimpa kwenye kikombe kile kile tulichokamulia maziwa, nikamwambia maneno niliyoambiwa mimi: usimwambie mama.

Miaka mitano iliyofuata tulikunywa pamoja. Kisha nilikutana na Kristo, nikaacha, nikaondoka kwenda shule ya Biblia na baadaye chuo cha theolojia. Kaka yetu wa kwanza yupo. Anakunywa chupa mbili baada ya mavuno na kulala, wala hajawahi kukosa shamba. Mdogo wangu amepoteza ng'ombe, amepoteza kazi mbili, na kwa muda alimpoteza mke. Wa chupa moja tulikuwa watatu, na kila mmoja alifika kwake. Anayesema kwamba kaka ndiye sababu ya kila kitu atueleze yule wa kwanza. Anayesema kwamba kaka si kitu atueleze kikombe cha maziwa.

Nilipokuwa chuoni tulijifunza historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, na humo nikakutana na ndugu wengine wawili. Simeoni Nsibambi alikuwa Mganda wa Kampala, mtu wa ofisi aliyeacha kazi yake ili ahubiri. Mwezi Septemba 1929 alikutana na daktari Mwingereza Joe Church katika kilima cha Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Wengi huhesabu hapo kuwa mwanzo wa Uamsho. Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyepishana naye zaidi ya miaka 10. Kigozi alikwenda Gahini, Rwanda, kufundisha, na moto uliowaka pale katika miaka ya 1930 uliwaka sana kupitia yeye. Alifariki Januari 1936, akiwa kijana bado. Moto ukaenda Buhaya, ukaingia katika kanisa letu la Kilutheri, na mmoja wa walioguswa nao alikuwa Josiah Kibira, ambaye baadaye akawa askofu na, mwaka 1977, rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni.

Watu wa Uamsho waliacha pombe. Kule Buhaya, ambako ndizi na pombe yake viko katika kila shughuli ya ukoo, kuacha lilikuwa jambo la kuvunja udugu. Anayekataa kunywa na ndugu zake kwenye msiba anaonekana kuwakataa wenyewe. Nadhani ndiyo maana waliookoka waliitana "ndugu" kwa msisitizo ule tunaoujua. Hawakumtoa mtu kwenye kata ya kaka yake wakamwacha amesimama peke yake barabarani. Walimpa kaka wengine na dada wengine, waliokutana kila wiki na kuungamiana dhambi zao kwa majina. Yeremia naye, sura ya 35, anasimulia Warekabi walioletwa hekaluni na kuwekewa mvinyo mbele yao, wakakataa. Kabla ya kukataa, kitabu kinawahesabu kwanza: Yaazania, na ndugu zake, na wanawe, na nyumba yote. Walikataa wakiwa wengi.

Mimi niliacha nikiwa mmoja. Nilikwenda chuoni na ushuhuda wangu, na kila likizo nilirudi Mkula na kumhubiria mdogo wangu. Niliporudi na kola shingoni nilimhubiria zaidi. Nilimsomea vifungu, nikamletea vijitabu, na mara moja, aibu yangu, nilimtaja kwenye mahubiri bila kumtaja jina, watu wote wakijua. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia habari ya kikombe. Nilidhani amesahau.

Mwaka juzi mwanawe wa kwanza aliingia darasa langu la kipaimara. Tulifika Amri ya Tano, nikauliza maswali yangu mawili. Yeye hakuinua mkono kwa swali la kwanza. Kwa la pili aliinua, akasimama kwa adabu, akasema, "Baba mkubwa, mimi sijaonja. Lakini baba anasema yeye alionjeshwa na wewe."

Darasa lilikuwa na vijana 23. Nilimwambia akae, nikawaambia kwamba alichosema ni kweli.

Jioni ile nilikwenda kwake. Alikuwa hajanywa, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na alikuwa shambani tangu alfajiri. Nilimwomba msamaha wa kikombe, na wa mahubiri yale. Alinyamaza muda mrefu akikwangua udongo kwenye jembe. Kisha akasema, "Kaka, wewe ulinipa moja. Zilizobaki nilinunua mwenyewe." Nikamwambia najua, lakini ya kwanza ni yangu. Akasema, "Haya. Ya kwanza ni yako."

Hajaacha. Wapo watakaosoma hapa wakitarajia niseme ameacha, nami ningependa sana kuwapa habari hiyo. Amepunguza, kisha amerudia, kisha amepunguza. Mkewe amerudi. Kilichobadilika ni kwamba siku ya mizani ya pamba sasa huwa nakwenda. Naomba ruhusa usharikani, napanda basi asubuhi, namkuta kwenye foleni na magunia yake. Kaka yetu wa kwanza huja pia. Mwaka jana, akihesabu fedha zake, alisema kwa mazoea, "Tupite hapa kidogo," kisha akanitazama, akamtazama mdogo wetu, akasema basi tupite kwa mama kwanza. Mama ana miaka zaidi ya 70. Alitupikia ugali na samaki, akashangaa kutuona watatu pamoja siku ya fedha, akauliza nani amekufa.

Mtoto wa mdogo wangu amepata kipaimara Pentekoste iliyopita. Analala chumba kimoja na mdogo wake wa miaka tisa.